Pole ya tajiri si fidia

Kijana mmoja wa Makunduchi alikuja afisini kwangu mkono umetiwa plasta, umefungwa kitambaa shingoni. Alianguka jukwaani akipiga lipu kwenye jengo la hoteli. Mfukoni alikuwa na fomu ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, aliyoitoa kwenye intaneti, ameijaza vizuri kuliko makarani wengi ninaowajua. Ikabidi nimwambie kuwa fomu ile haina kazi huku Zanzibar. Mfuko ule umetokana na sheria ya mwaka 2008 ya Tanzania Bara, na mambo ya kazi si ya Muungano. Sisi tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi, mizizi yake ni Sheria namba 15 ya 1986, ikarekebishwa 2005.

"Lakini tajiri aliyeniajiri kanifanyia insafu," akaniambia. "Kanilipia hospitali, kanipa laki mbili na polo la mchele."

Ni vyema, na Mungu amlipe. Ila hiyo ni pole. Pole hutoka akitaka mtoaji, fidia hailingojei hilo. Wala kijana hahitaji kuthibitisha kuwa tajiri alizembea. Anachotakiwa kuonesha ni kwamba aliumia kwa sababu ya kazi, naye yumo kazini. Kabla hatujaagana nilimuuliza kama alitia saini karatasi yoyote yenye maneno "sina madai tena". Alikuwa bado. Alhamdulillahi.

Madai mengi ninayoyaona hufa kwenye swali jengine: wewe ni mfanyakazi wa nani? Kibarua hana barua ya ajira, na kontrakta husema hamjui. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, lakini mdomo hausomeki mbele ya msuluhishi. Basi tunatafuta alama: nani alimpangia kazi, vifaa vya nani, nani alimlipa. Kijana wangu alikuwa na meseji za malipo ya simu ya Ezypesa za kila Alhamisi, kiasi kile kile, jina lile lile. Meseji zile zilikuwa na thamani kuliko mashahidi watatu, kwa sababu zinaonesha pia mshahara, na fidia hukokotolewa kwa mshahara. Ongeza PF3 ya polisi, cheti cha hospitali chenye tarehe na maelezo ya namna alivyoumia, na taarifa ya maandishi kwa mwajiri mapema iwezekanavyo. Kisha Kamisheni ya Kazi.

Pemba ndiko kunakonikoseshea usingizi. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi, leo nyingi, kesho mvua. Mshahara wake ni upi? Na shamba huenda ni eka tatu za mtu aliye mjini, limekodishwa kwa msimu, mkodishaji naye kaleta watu wa kambi. Tawi likikatika, kila mmoja anamnyooshea mwenziwe kidole. ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, imewahi kuwalipa walioanguka mikarafuu, jambo la kupongezwa, lakini hilo halimtoi aliyekuajiri kwenye wajibu wake. Ushauri wangu kwa wachumaji: kabla ya kupanda, mjue nani anapima pishi na nani analipa, na daftari lake mlipige picha.

Mtu akifariki, mambo yanachanganyika na mirathi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, wafanyakazi wawili wakafa. Katika misiba ya namna hiyo familia hukimbilia kwa Kadhi kugawa kila kitu. Mirathi huangalia nasaba na ndoa. Fidia humwangalia aliyekuwa akimtegemea marehemu kwa chakula na ada ya skuli. Ni milango miwili. Na fao la warithi la ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kama marehemu alikuwa mwanachama, ni mlango wa tatu.

Askari wa Zimamoto na Uokozi na wa KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, wao wana sheria na kanuni za vikosi vyao. Kwao ripoti ya kamanda ndiyo kila kitu, na isichelewe. Lakini wavuvi waliotia ngalawa majini kuokoa watu meli ya abiria MV Spice Islander ilipozama, Septemba 2011? Mvuvi akivunjika mbavu katika uokozi kama ule, hana mwajiri wa kumdai. Sheria imemwacha ufukweni, na mimi sijaridhika.

Kijana wa Makunduchi alitaka tupige hesabu siku ile ile. Nimemrudisha nyumbani. Kiwango cha ulemavu hupimwa na daktari kidonda kikishatulia. Mkono ukipimwa mapema, ukija kugoma baadaye, asilimia ya mwanzo ndiyo watakayoing'ang'ania. Plasta inatolewa wiki ijayo.