"Jana Hakuwa Hivi": Familia Inapokabili Ugonjwa wa Ghafla wa Babu au Bibi

Katika kazi yangu ya kutibu wagonjwa wazee, mara nyingi maelezo yenye thamani kubwa kuliko yote katika saa ya kwanza hayatoki kwenye kipimo cha damu wala kwenye picha ya kifua, bali hutoka kwa binti au mjukuu aliyesimama kando ya kitanda na kusema, "Daktari, jana hakuwa hivi." Wengi huyatamka maneno hayo kwa kusitasita, kana kwamba wanaomba radhi kwa kusumbua, na wapo wahudumu wa afya wanaoyapokea kwa kusema kwamba huo ni uzee tu. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Mtu aliyekuwa akijivalia nguo na kuuliza habari za watu juzi, kisha leo hajui yuko wapi, ni mgonjwa, na sababu ya ugonjwa wake lazima itafutwe.

Mwili wa mzee hautoi ishara za ugonjwa kama unavyozitoa mwili wa kijana. Nimonia inaweza kumpata bila homa na kwa kikohozi hafifu. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama uchovu au pumzi fupi tu. Na maambukizi yaliyokwisha kuingia kwenye damu yanaweza kujitokeza kwa mzee kuanguka, kukataa chakula, au kushindwa kuinuka kitini. Kinga yake huitikia kwa unyonge, joto lake la kawaida mara nyingi liko chini kidogo kuliko la vijana, na akiba ya nguvu katika viungo vyake imepungua, kwa hiyo kiungo kilichokuwa dhaifu zaidi ndicho kinachoelemewa kwanza, hata kama ugonjwa wenyewe uko mahali pengine kabisa. Kwa wazee wengi kiungo hicho ni ubongo.

Niitaje kando hali moja isiyosubiri mazungumzo marefu, nayo ni kiharusi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakianza kutoka kwa shida, mpelekeni hospitali papo hapo, na mkumbuke saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena kwa wagonjwa wanaofaa tu, na bila kuijua saa hiyo daktari anaweza kulazimika kuiacha. Msimpe maji, uji wala vidonge mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe, kwa sababu kinachoingia kwenye njia ya hewa huenda kikazaa nimonia.

Hali ninayotaka kuieleza kwa kirefu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako kitaalamu huitwa deliriamu, kwa kuwa huitia familia hofu kuliko karibu kila jambo jingine ninaloliona wodini. Huanza kwa saa au siku chache. Mgonjwa hushindwa kuweka mawazo yake mahali pamoja; ukimwomba ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma hupotea njiani, na hata swali rahisi humponyoka kabla hajalijibu. Wengine hupayuka, huwaita watu waliokwisha kufa, hung'oa dripu, na hata humshutumu mtoto wao mwenyewe kwamba anataka kuwadhuru. Wengine hulala tu, kimya, wakiitika kwa taabu. Hawa wa kimya ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mzee asiyesumbua mtu huonekana amepumzika, kumbe anazidiwa.

Deliriamu hupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, na mara nyingi huzidi jioni na usiku. Daktari anayepita asubuhi anaweza kumkuta mgonjwa ametulia na anajibu vizuri, akaandika kwamba hana tatizo, ilhali aliyelala naye hakufumba jicho usiku kucha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayekaa na mgonjwa aandike kwa ufupi aliyoyaona na saa alizoyaona. Karatasi hiyo hunisaidia pia kutofautisha deliriamu na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao kwa kawaida huingia polepole kwa miezi na miaka. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na kwa kweli mwenye tatizo la kumbukumbu ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa ghafla anapougua.

Sababu mara nyingi huwa zaidi ya moja: maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) iliyopungua kwenye damu, oksijeni haba, maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza, choo kigumu cha siku nyingi, kibofu kilichojaa kisichoweza kutoa mkojo. Dawa nazo ni chanzo kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za kibofu zinaweza kuuvuruga ubongo wa mzee hata kwa dozi ambayo kijana asingeihisi. Basi leteni dawa zote alizokuwa akitumia, zilizoandikwa na daktari na zilizonunuliwa tu, pamoja na za mitishamba, bila kuficha yoyote kwa kuogopa kukemewa. Mseme pia kama alikuwa akitumia pombe au dawa za usingizi kwa muda mrefu, maana kuzikatiza ghafla nako kunaweza kumchanganya mtu na kuhatarisha maisha yake.

Tiba ya kwanza ni kuitibu sababu. Lakini kuna sehemu nyingine ya tiba ambayo chupa ya dawa haiwezi kuifanya, na hapa ndipo familia inapoingia kazini. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kundi moja liliongezewa mambo ya kawaida kabisa: kukumbushwa siku na mahali, kusaidiwa kulala bila dawa, kutembezwa, kupewa vifaa vya kuona na kusikia, na kunyweshwa maji ya kutosha. Katika kundi hilo asilimia 9.9 walipata deliriamu, dhidi ya asilimia 15 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Mengi kati ya hayo yanaweza kufanywa na mjukuu mwenye subira.

Kwa hiyo mleteeni miwani yake, meno yake ya bandia na kifaa chake cha kusikilizia siku ile ile ya kwanza; mtu asiyeona vizuri wala kusikia hana namna ya kujua yuko wapi. Mchana pazia liwe wazi na usiku taa ipunguzwe. Wanaokaa naye wawe sura anazozijua, wawili watatu kwa zamu, badala ya umati unaopishana kitandani. Zungumzeni naye kwa sentensi fupi, mjitambulishe kila mnapoingia, wala msimfanyie mtihani wa "Mimi ni nani?", kwani akishindwa huaibika na akiaibika huzidi kufadhaika. Akisema mama yake anamngoja nje, kubishana naye hakusaidii; mwambieni kwamba yuko hospitali, kwamba mpo naye, kisha mumwulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Na akitoa maneno makali, tafadhali msiyabebe moyoni, kwa maana hayo ni matokeo ya ubongo uliougua.

Kitanda chenyewe kinahitaji kuogopwa. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na hao hawakuwa wagonjwa. Daktari akiruhusu, mzee akalie kiti wakati wa kula, aende msalani kwa kushikwa mkono badala ya kuwekewa mpira wa mkojo usio wa lazima, na ageuzwe mara kwa mara kama hawezi kujigeuza. Najua upendo hutusukuma kusema, "Mwacheni apumzike," lakini mapumziko ya namna hiyo humnyang'anya miguu.

Halafu kuna maamuzi, ambayo huzigawa familia kuliko ugonjwa wenyewe. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari na kuwapasha wengine habari, la sivyo kila ndugu atapokea kipande chake cha maelezo na ugomvi utazaliwa na vipande hivyo. Mgonjwa akiwa na akili yake timamu, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza, hata kama ana miaka 90. Akiwa hawezi kujibu, swali ninalowaomba familia walijibu ni hili: tukizingatia alivyoishi na aliyowahi kuyasema, yeye mwenyewe angetaka nini? Swali hilo huwapunguzia watoto mzigo wa kudhani kwamba wao ndio wanaoamua uhai au kifo cha mzazi wao. Wakati mwingine jibu ni kupigana kwa kila njia iliyopo. Wakati mwingine ni kumwondolea maumivu na hofu, na kuacha mashine. Njia hii ya pili nayo ni matibabu, inayohitaji ustadi na dawa sahihi, na daktari anayeichagua pamoja nanyi hajamtelekeza mgonjwa wenu.

Watoto wadogo waelezwe ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wao, wala wasilazimishwe kuingia wodini wala kuzuiwa, kama hospitali inaruhusu.

Mzee anayepona huchukua muda mrefu kuliko familia inavyotarajia. Maambukizi yanaweza kwisha ndani ya wiki moja huku akili ikichukua wiki kadhaa, pengine miezi, kutulia, na wengine hawarudi kabisa walipokuwa. Kabla ya kutoka hospitali, ulizeni ni dawa zipi zimesimamishwa na zipi ni mpya, nani atampima tena, na ni dalili gani zikitokea mnapaswa kurudi haraka. Msikubali aandikiwe kwamba ana ugonjwa wa kudumu wa kumbukumbu kwa sababu tu ya alivyokuwa siku zile mbaya. Ombeni kumbukumbu yake ipimwe akiwa ametulia, miezi michache baadaye, na mje na yule aliyesema kwamba jana hakuwa hivi, kwa kuwa ndiye anayejua zaidi alikuwaje kabla ya hapo.