Mtoto akiuliza kama hesabu inaweza kuthibitisha kila kitu

Wazazi wanatuuliza sana sisi tunaofundisha hesabu chuoni, mtoto wa miaka saba unamwelezaje kwamba kuna vitu vya kweli ambavyo kuthibitisha haiwezekani? Anza na uthibitisho wenyewe, manake asiyeujua hawezi kuona unaishia wapi.

Mpe vizibo vya soda. Apange saba, viwili viwili, kimoja kitabaki peke yake. Apange vingine vitano, napo kinabaki kimoja. Sasa hao wapweke wawili wakutane, hamna anayebaki. Halafu muulize, na zile namba kubwa ambazo hatujazihesabu je? Akishaona kwamba kila namba witiri ina mpweke mmoja tu, na wapweke wawili lazima wapate jozi, basi kashathibitisha kwamba witiri mbili zikijumlishwa zinatoa shufwa, isiyobakisha mpweke, kwa namba witiri zote zilizopo, na vizibo vyake ni 12 tu! Hapo mpigie makofi kabisa.

Kisha aone kwamba kujaribu jaribu hakutoshi. Kuna wazo limetokana na barua ya Goldbach kwa Euler, wanahisabati wawili, mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya namba tasa mbili, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 8 ni 3 na 5, 20 ni 7 na 13. Kompyuta zimejaribu mpaka zimepita bilioni ya mabilioni na haijakosea hata moja, ila uthibitisho bado, tunausubiri.

Kinachoshindikana kweli alikionyesha Kurt Gödel, mwanahisabati kijana wa Vienna, mwaka 1931. Mwambie mtoto kuna kasuku ambaye hadanganyi kamwe. Tunaandika kadi: "Kasuku hatayasema kamwe maneno haya." Je atayasema? Akiyasema kadi inakuwa ya uongo, na yeye uongo hasemi. Basi hatayasema milele, na kama hatayasema, kumbe kadi ni ya kweli! Mwache akae nayo, usimkimbize.

Kasuku ni zile kanuni tunazothibitishia, na kusema kwake ndiko kuthibitisha, na Gödel alionyesha kwamba kanuni zikiwa hazijipingi, na zinatosha kufanyia hesabu za namba nzima, lazima iwepo kadi isiyosemeka. Ila tafadhali sana usimwambie mtoto hesabu ni ya kubahatisha, Gödel mwenyewe hilo alilithibitisha kwa hesabu, na vile vizibo vitaendelea kupata jozi kesho na keshokutwa.

Mtoto mwenye akili atasema, basi tutafute kasuku mwingine anayeijua hiyo kadi. Swali zuri mno! Ruksa, mleteni, ila na yeye anaandikiwa kadi yake.