Orenji ya ukutani: angalia dirisha kwanza, kadi ya rangi baadaye

Wateja wangu wengi wanaotaka orenji wanakuja na picha kwenye simu, nyumba ya Ulaya huko, ukuta umeiva vizuri, alafu swali ni moja tu, fundi, hii kwangu Ntinda itakubali? Itakubali, mbona isikubali. Ila yale mashauri ya wazungu eti chumba kinachotazama kaskazini ni baridi kwa hiyo kipake rangi ya joto, hayo wewe yaache hukohuko. Kampala haifiki ata digrii moja kutoka ikweta, mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini na mwezi wa 12 linapita kusini, yani kuta hizo mbili zinapokezana tu. Kwetu cha kuangalia ni mashariki na magharibi, na kama kuna veranda.

Dirisha la magharibi ndio kesi ngumu. Jua la saa kumi na moja jioni linaingia tayari lina uorenji wake, ukilikutanisha na ukuta wa orenji unajikuta umekaa ndani ya sigiri. Hapo mi nasema hapana, mpaka mteja ananichukia kidogo. Lakini sebule iliyofunikwa na veranda pana, au ile ambayo mwembe wa jirani unaitia kivuli siku nzima, hiyo inaililia orenji kabisa. Na Kabale, kule karibu mita 2,000 juu na ukungu wa asubuhi, sibishani na mtu, paka.

Sasa orenji ipi? Ile inayong'aa kama koti la mtu wa bodaboda siipendi ndani ya nyumba, na si roho mbaya, ina sababu. Orenji kali nyingi zinatengenezwa na pigimenti ambazo hazifuniki vizuri, unapiga mkono wa pili, wa tatu, bado ukuta wa chini unachungulia, na zingine zikipigwa na jua zinapauka. Orenji iliyokolea kidogo kuelekea kahawia, ile ya tofali au chungu, kwa kawaida inatumia oksaidi ya chuma, ambayo ndiyo hiyohiyo inayofanya udongo wetu uwe mwekundu. Inafunika haraka, haipauki ovyo, na kwenye korido vumbi na alama za watoto hazipigi kelele vile zinavyopiga kwenye nyeupe. Ukisisitiza ile kali basi anza na andakoti, ile rangi ya kutangulia chini, iliyotiwa rangi kidogo, usiipige juu ya nyeupe tupu utamaliza ndoo bure.

Kadi ya hadiwea inadanganya, si kwa ubaya, ni ndogo tu. Ukutani rangi inakuwa kali zaidi, na kuta mbili za orenji zikitazamana kila moja inaitupia mwenzake rangi, zote zinapanda. Ndio maana napaka ukuta mmoja, ule unaouona ukiingia au ule wa nyuma ya makochi, tatu zilizobaki napiga krimu. Krimu, si nyeupe ile ya hospitali. Kabla ya hapo nunua kopo dogo, paka kipande cha plaiwudi mikono miwili, kizungushe chumbani asubuhi, mchana, alafu usiku taa zikiwaka.

Usiku ndio wengi wanasahau bana. Balbu nyingi mtaani ni zile nyeupe za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikiwa juu mwanga ni mweupe wa baridi, ikiwa chini ni wa njano), mwanga wake una ubuluu, na buluu na orenji haziivi chungu kimoja, ukuta mzuri unageuka kuwa na rangi ya chai iliyopoa. Tafuta zilizoandikwa 2700K au 3000K, bei karibu ni ileile. Kwenye mito ya makochi lakini buluu kidogo inapendeza, maana inatulia ikiwa ndogo.

Mbao za mvule na mahogani zinakaa vizuri na orenji ya udongo, na ukitundika lubugo pale ukutani, kile kitambaa cha gome la mutuba, hauhitaji picha nyingine, rangi zao ni ndugu. Taili nyekundu sakafuni ndio ngumu, weka mkeka katikati kwanza.

Kuta za plasta zenye mawimbi zipigie mati, ile isiyong'aa, silki yenye mng'ao inaonyesha kila kasoro, ila karibu na jikoni silki inafutika vizuri. Na chumba cha mtoto, kama unapaka milango au fremu kwa rangi ya mafuta ya orenji au njano, uliza dukani kuhusu risasi, ile madini, maana zamani rangi hizo ziling'arishwa kwa kromati ya risasi na zingine bado zipo sokoni. WHO wanashauri isizidi sehemu 90 kwa milioni. Muuzaji akikuangalia tu bila jibu na kopo halijaandikwa kitu, nenda duka la pili.

La mwisho, changanyisha ndoo zote siku moja kwenye mashine moja, na ile stika ya namba iliyo kwenye kifuniko ipige picha, fundi akirudi mwakani kuziba nyufa ataihitaji.