Je, Wajua Kwa Nini Tangi Jipya la Maji ya Chumvi Hukaa Wiki Kadhaa Bila Samaki?

Mtu anayeanza kufuga samaki wa baharini nyumbani hupewa shauri moja linalomshangaza. Akishajaza maji ya chumvi katika tangi, akapanga mawe na mchanga, akawasha pampu na kipasha joto, huambiwa asubiri wiki nne hadi sita, na pengine zaidi, kabla ya kutia samaki hata mmoja. Maji yameshatulia na kung'aa, chumvi imepimwa, joto limefika nyuzi 25 za Selsiasi, na bado anaambiwa asubiri. Anayeuliza sababu anastahili jibu kamili, kwa kuwa jibu hilo ndilo linaloeleza karibu kila jambo jingine katika ufugaji huu: tangi lile halijapata viumbe wa kuliondolea sumu, na viumbe hao huzaliana polepole mno.

Sumu yenyewe hutoka kwa samaki. Anapokula, mwili wake huvunja protini na kubaki na nitrojeni usiyoihitaji, nao huitoa kwa umbo la amonia, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua, viungo anavyopumulia majini, wala si katika kinyesi, kama wengi wanavyodhani. Baharini amonia hiyo husambaa katika maji mengi na kutumiwa haraka na mwani na vijidudu. Katika tangi la lita 80 haina pa kwenda, na kila siku huongezewa na mabaki ya chakula pamoja na chochote kinachooza mchangani. Kiasi kidogo, hata kisichofika miligramu moja kwa lita, chaweza kudhuru matamvua na kumfanya samaki ahemee juu ya maji, na kikizidi huvuruga ubongo wake na kumuua.

Hapa maji ya chumvi yana ukali wake wa pekee. Amonia ndani ya maji huwa katika maumbo mawili, moja lenye chaji ya umeme ambalo hupita kwa shida katika ngozi ya matamvua, na jingine lisilo na chaji ambalo hupenya kwa urahisi na ndilo lenye madhara makubwa. Kinachoamua kila umbo liwe kwa kiasi gani ni pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, pamoja na joto. Maji ya bahari huwa na pH ya takriban 8.1 hadi 8.4, na katika hali hiyo sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu huwa zaidi ya mara kumi ya ile inayopatikana katika maji matamu yenye pH 7 na joto lilelile. Kwa hiyo mfugaji aliyezoea samaki wa maji matamu, ambaye huenda aliwahi kutia samaki siku ya pili na wakaishi, asichukue uzoefu huo kuwa kipimo cha tangi la bahari.

Wanaoiondoa amonia ni viumbe wasioonekana kwa macho. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alionyesha karibu na mwaka 1890 kwamba kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili na makundi mawili tofauti ya bakteria. Kundi la kwanza, ambalo Nitrosomonas ni mmojawapo, huunganisha amonia na oksijeni na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili, ambalo katika matangi huwakilishwa zaidi na Nitrospira, huichukua nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Jambo linalonivutia ni kwamba hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kiumbe mwingine aliyepatikana katika changarawe ya tangi la bahari ya joto kwenye Seattle Aquarium huko Marekani, wakamwita Nitrosopumilus maritimus. Huyu si bakteria, bali ni wa ukoo tofauti kabisa wa vijidudu uitwao akea, naye pia huishi kwa kuibadilisha amonia. Jamaa zake wamethibitika kuwa miongoni mwa viumbe walio wengi zaidi baharini, lakini wa kwanza kufugika peke yake maabara alitoka ndani ya tangi la samaki.

Kwa nini basi wanachelewa? Wapo bakteria ambao, wakipata chakula cha kutosha na joto zuri, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa amonia na nitriti huhitaji saa nyingi, na mara kwa mara siku nzima au zaidi, kwa kuwa nishati wanayoipata katika kazi yao ni ndogo sana, na kwa nishati hiyo haba hulazimika kujenga miili yao kutokana na kaboni dioksidi iliyomo majini. Kundi la pili huanza kustawi baada ya la kwanza kulizalishia nitriti. Ndiyo maana hakuna pampu wala taa ya bei kubwa inayoweza kuufuta muda huu. Chupa za bakteria walio hai zinazouzwa madukani zaweza kuufupisha, lakini hazimwondolei mfugaji wajibu wa kupima.

Tangi lisilo na samaki halipaswi kuachwa na njaa. Bakteria wasipopewa amonia hawaongezeki, na mtu anayeacha maji safi yazunguke kwa wiki sita bila kuyatia chochote hufika mwisho akiwa karibu pale alipoanzia. Njia iliyo rahisi kudhibiti ni kutia myeyusho wa amonia safi, usio na sabuni wala manukato, mpaka kipimo kisome takriban miligramu 2 kwa lita. Wengine hutia kipande kidogo cha nyama ya kamba kioze polepole, njia ambayo hufanya kazi ingawa harufu yake husumbua na kiasi chake hakipimiki. Baada ya hapo mfugaji hupima kila baada ya siku mbili au tatu. Mwanzoni amonia hubaki juu, kisha hushuka huku nitriti ikipanda, na mwishowe nitriti nayo hushuka huku nitrati ikijikusanya.

Siku ambayo amonia inasoma sifuri kwa mara ya kwanza ndiyo yenye kishawishi kikubwa kuliko zote, na ningependa kila anayeanza aivuke kwa subira. Nitriti ikiwa bado juu, kundi la pili halijatimia. Ni kweli kwamba katika maji ya bahari nitriti haina makali kama katika maji matamu, kwa sababu kloridi nyingi iliyomo hushindana nayo katika njia za kuingilia kwenye matamvua, lakini kuwapo kwake ni dalili kwamba mfumo haujakamilika. Tangi liko tayari pale linapotiwa tena amonia ya kiasi kilekile na, baada ya saa 24, amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Hapo hubadilishwa sehemu kubwa ya maji ili kupunguza nitrati, kisha samaki wa kwanza hukaribishwa. Zamani ilikuwa desturi kutia samaki mgumu wa bei nafuu ili amonia yake ndiyo iwalishe bakteria. Siiungi mkono desturi hiyo hata kidogo, kwa kuwa humtesa kiumbe hai kwa kazi ambayo matone machache ya amonia yanaitosheleza.

Ni vizuri pia kujua bakteria hawa wanakaa wapi, maana wengi hudhani wamo ndani ya maji. Wachache tu huelea. Walio wengi hujishika kwenye sehemu ngumu, yaani mawe, mchanga, vioo na sponji la chujio. Kwa sababu hiyo mawe ya tangi la bahari hayapangwi kwa ajili ya urembo peke yake. Mawe yanayofaa ni yale yenye vitundu vingi, yatokanayo na mifupa ya matumbawe ya kale au yaliyotengenezwa kiwandani kwa mfano wake, kwa kuwa jiwe moja la namna hiyo lina eneo kubwa sana ndani yake ambalo jicho halilioni. Katika vina vya jiwe, ambako oksijeni haifiki, huishi bakteria wa aina nyingine wanaoivunja nitrati na kuiachilia nitrojeni kama hewa inayopanda na kutoka. Mawe yaliyotolewa katika tangi lililokomaa huja na bakteria wao tayari, nayo hufupisha kusubiri, ingawa pamoja nao yaweza kuleta wadudu wasiotakiwa. Kutokana na hayo, sponji la chujio lioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba, kwa sababu klorini inayowekwa kuua vijidudu katika maji ya kunywa itawaua na hawa.

Maji ya bomba hayafai hata kutengenezea maji ya bahari mpaka yatibiwe. Mbali na klorini, yaweza kuwa na shaba, ambayo kwa kiasi kidogo sana huua kamba, konokono na matumbawe, na yaweza kuwa na fosfati na nitrati zinazolisha mwani. Wafugaji walio makini hutumia maji yaliyosukumwa kupita utando mwembamba unaozuia chumvi na madini, kisha huyatia chumvi maalumu ya matangi ya bahari, si chumvi ya jikoni, mpaka yafikie takriban gramu 35 kwa lita. Kwa kipimo cha uzito linganifu, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji matamu, hiyo ni 1.025 hadi 1.026. Chumvi huchanganywa katika chombo cha pembeni chenye pampu na kuachwa izunguke kwa saa kadhaa. Isimwagwe hata kidogo ndani ya tangi lenye viumbe, maana chembe zisizoyeyuka huwaunguza.

Kiasi hicho cha chumvi kina maana kubwa kwa mwili wa samaki. Damu ya samaki wa bahari wenye mifupa ina chumvi pungufu kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humtoka mwilini mchana na usiku. Mwaka 1930 mtafiti wa Marekani Homer Smith alionyesha kwamba samaki hao hufidia upotevu huo kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi, sehemu kubwa kupitia matamvua. Chumvi ikipanda au kushuka ghafla, mizani hiyo huyumba. Nayo hupanda yenyewe, kwa sababu kinachoruka kwa mvuke ni maji peke yake, chumvi ikibaki. Kinachorudishwa kila siku, basi, ni maji matamu safi. Maji ya chumvi hutumika tu pale maji yanapobadilishwa.

Kutokana na hilo tunaelewa pia kwa nini tangi dogo mno si rahisi kwa anayeanza, ingawa huonekana hivyo. Zikiruka lita 2 katika tangi la lita 20, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 39 kwa lita. Zikiruka lita hizohizo katika tangi la lita 100, hufika chini kidogo ya 36. Joto na amonia hufuata kanuni ileile. Kwa maoni yangu lita 80 hadi 100 ni mwanzo mzuri, mradi meza iwe imara, kwani maji peke yake yatazidi kilo 80 kabla ya kuhesabu kioo na mawe.

Oksijeni nayo isisahaulike. Kwa joto la nyuzi 25, maji ya bahari hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu, na bakteria wetu nao huitumia. Anna Thynne, Mwingereza aliyepeleka matumbawe hai nyumbani kwake London mwaka 1846, aliyapa maji yao hewa kwa kuyamimina kutoka chombo hadi chombo kwa mkono. Leo pampu inayotikisa uso wa maji hufanya kazi hiyo, na isizimwe usiku.

Katika wiki za kusubiri mchanga na vioo huenda vikafunikwa na utando wa kahawia. Huo ni mwani mdogo wa jamii ya diatomu, hutokea katika matangi mengi mapya na kwa kawaida hupungua wenyewe.

Samaki wa kwanza awe mdogo na mvumilivu. Amphiprion ocellaris, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mieupe, hufaa sana: hazidi sentimita 11, huzalishwa kwa wingi matangini bila kuvuliwa baharini, na huishi vizuri hata asipopewa anemone, kiumbe wa baharini ambaye kwa asili samaki huyu hujificha ndani yake. Paracanthurus hepatus, yule wa buluu mwenye mkia wa manjano, huuzwa akiwa na urefu wa kidole lakini hukua hadi karibu sentimita 30 na huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi dogo haliwezi kumpa. Waingizwe mmoja mmoja au wawili wawili, kwa nafasi ya wiki mbili au zaidi, kwa kuwa idadi ya bakteria hufuata kiasi cha chakula chao na huhitaji muda kulifikia ongezeko.

Kila samaki mpya akae kwanza wiki nne hivi katika tangi la pembeni, kwani vimelea viitwavyo Cryptocaryon irritans, vinavyoonekana kama chembe nyeupe mwilini, vikiingia katika tangi kuu hujificha mchangani na ni vigumu kuving'oa. Tangi hilo la pembeni nalo halina bakteria, hivyo sponji la akiba huwekwa ndani ya chujio la tangi kuu wiki kadhaa kabla, kisha huhamishwa likiwa limekwisha kukaliwa. Ikibidi samaki atibiwe kwa dawa ya shaba, sponji lile lisirudishwe tena katika tangi kuu.