Multimita ya mtumba: yanayosemwa vibandani Mwanza na yaliyo kweli

Pale Mlango Mmoja, katikati ya chaja zilizokatwa nyaya na rimoti zilizopotezana na televisheni zake, mara mojamoja hutokea multimita, kifaa cha kupimia volti, mkondo na upinzani wa umeme. Imekuja na shehena ya mtumba, ina mikwaruzo, na mgongoni pengine kuna namba ya karakana iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Fundi kijana anaishika, anaigeuza, anairudisha. Muda si mrefu yuko duka la jirani ananunua mpya ya njano, nyepesi kama ganda la yai. Linaniuma kila nikiliona, kwa sababu huenda ameacha chombo ambacho angekirithisha mwanawe. Na nimeona kinyume chake pia: mtu anatoa fedha nyingi kwa mita yenye jina kubwa ambayo ndani imekwisha. Wote wawili wameponzwa na maneno yale yale tunayoambiana vibandani.

"Mita ya miaka ishirini imeshachoka"

Mita ya kidijitali haina kinachozunguka ndani yake zaidi ya swichi. Kazi ya kupima inafanywa na chipu inayolinganisha umeme ulioingia na volti ya rejea iliyomo humohumo, ikisaidiwa na rezista za usahihi, yaani vipande vinavyozuia mkondo kwa kiasi kinachojulikana. Vitu hivyo haviliki kama bushi za pikipiki. Fluke 77, mita ya kampuni ya Marekani, ilitoka mwaka 1983, na zile za mwanzo bado ziko mezani kwa mafundi zikipima. Kabla yake Waingereza walikuwa na AVO ya mshale, iliyoanza kuuzwa mwaka 1923 na kuendelea kutengenezwa hadi 2008. Herufi zake ni za ampea, volti na omu, na ndiyo asili ya neno "avomita" ambalo wapo wanaoitia kila mita mpaka leo.

Kinachochakaa ni vitu vya pembeni. Zungusha swichi mara kumi, ishirini, huku ncha za nyaya zimegusana kwenye omu, yaani kipimo cha upinzani. Mita nzima itatulia sehemu ya kumi ya omu hadi nusu hivi. Namba zikirukaruka, kwanza tikisa nyaya pale zinapoingia kwenye mshikio, maana nyaya hukatika humo ndani bila kuonekana. Kama si nyaya, ni swichi. Namba za kiooni zikikatika, nane ikasomeka kama tatu, mara nyingi ni uchafu kwenye kipande cha mpira kinachounganisha kioo na bodi. Unafungua, unafuta kwa spiriti, unafunga. Muuzaji anaiita mbovu, anakuachia kwa bei ya chuma chakavu.

Ya mshale ina habari yake. Hiyo ina springi na egemeo, na ikidondoka mara moja sakafuni inaweza isirudi kuwa ilivyokuwa. Ilaze, isimamishe, uangalie kama mshale unarudi sifuri bila kusita.

"Ikiwaka ni nzima"

Hapa naomba tuende polepole, kwa sababu hili linaweza kumtoa mtu roho.

Kuna mita niliyoletewa na fundi mmoja wa Igogo, ya kampuni nzuri, kasha halina hata ufa. Ilipima volti sawasawa. Nilipofungua skrubu za mgongoni nikakuta pale penye kitako cha fyuzi pamekaa kipande cha karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa, kimekunjwa mara nne na kubanwa. Upande wa pili palikuwa na fyuzi ndogo ya kioo ya redio, imezungushiwa uzi mmoja wa shaba. Mwenyewe hakujua. Aliinunua hivyo.

Fyuzi halisi za mita ile ni mirija minene ya kauri iliyojazwa mchanga, na ubavuni imeandikwa 11A 1000V. Mchanga una kazi kubwa. Mkondo mkubwa unapoyeyusha waya wa fyuzi, cheche hubaki hewani ikiendelea kupitisha umeme, na mchanga ndio unaoizima. Ndani ya kioo kitupu hakuna cha kuizima. Sasa mfikirie fundi aliyetoka kupima ampea akasahau waya kwenye tundu la A, kisha akaenda kugusa laini mbili za fezi tatu, volti 400 kati yake. Tundu la A ni kama kipande cha nondo, halina upinzani wa maana. Kwa fyuzi ya kauri utasikia "tap" na mita imenyamaza. Kwa karatasi ya sigara, mlipuko unatokea kiganjani, sentimita chache kutoka usoni.

Fyuzi zinapimwa kwa mita yenyewe: waya mwekundu ubaki kwenye tundu la volti, weka omu, halafu ingiza ncha yake kwenye tundu la A. Ukiona karibu sifuri, njia ya umeme haijakatika. Ukiona OL, alama ya kwamba umeme haupiti, fyuzi imekwisha. Lakini kipimo hiki hakiwezi kutofautisha fyuzi na karatasi ya sigara, kwa hiyo lazima ufungue. Muuzaji akikataa mgongo usifunguliwe, iache mita yake. Na ukikuta fyuzi zimekufa, ulizia bei zake kabla ya kukubaliana, maana fyuzi moja halisi ya aina hiyo inaweza kuzidi bei ya mita nzima ya njano.

"Imeandikwa 1000V, nitapimia popote"

Soma pia herufi CAT zilizo karibu na matundu. CAT II ni ya vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni ya nyaya za jengo na ubao wa swichi. CAT IV ni ya pale umeme unapoingilia, laini ya nje na mita ya LUKU. Kinachoangaliwa ni mshtuko wa ghafla wa volti unaodumu sehemu ndogo sana ya sekunde, kama ule unaoletwa na radi iliyopiga laini kilomita kadhaa mbali. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, hili ni letu hasa.

Mita ya CAT II 1000V na ya CAT III 600V zote hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 6000. Lakini ya CAT II mshtuko unapitishwa kwenye upinzani wa omu 12, na ya CAT III omu 2 tu. Piga hesabu: ampea 500 dhidi ya ampea 3000. Namba ndogo ya volti ndiyo iliyobeba ulinzi mkubwa. Na mita ya zamani kabisa haina herufi hizo popote. Mimi naiweka mezani kwa kazi za betri, redio na bodi, siipeleki kwenye ubao wa swichi hata iwe imepima vizuri namna gani.

"Mita ya mtumba inadanganya"

Mara nyingi mita ni ya kweli, swali ndilo lililokosewa. Jamaa mmoja wa visiwani alileta inveta ya bei nafuu, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, akilalamika kuwa inatoa volti 180 badala ya 230. Inveta ilikuwa nzima. Zile za bei nafuu hutoa umeme wa ngazingazi, si wimbi laini kama la gridi, na mita ya kawaida hupima wastani kisha huzidisha kwa namba inayofaa wimbi laini tu. Ngazi yenye kilele cha volti 325 inayokaa juu nusu ya muda ina nguvu ile ile ya volti 230, lakini mita ya wastani huisoma 180. Mita iliyoandikwa "True RMS" inaisoma inavyostahili. Alama hiyo kwenye mita ya mtumba inaongeza thamani kweli, hasa kwa mafundi wa sola.

Kuna uongo mmoja ambao kweli ni wa mita: betri yake ikiisha. Kwenye nyingi za bei nafuu zenye betri ya volti 9, volti ya rejea hushuka pamoja na betri, na vipimo hupanda juu ya ukweli. Betri ya taa za dagaa ya volti 12, ile ya risasi, ikipumzika imejaa inasoma 12.6 au 12.7. Ukiona imesoma 13.8 na haijaunganishwa chaja, badilisha betri ya mita kabla hujamwambia mvuvi chochote.

"Stika ya kalibresheni imepitwa na wakati, haina thamani"

Stika inasema lini usahihi wa mita ulikaguliwa mara ya mwisho, haisemi imeharibika. Kwa kazi ya kiwandani yenye masharti, ipeleke maabara. Kwa kibanda, ilinganishe na mita nyingine mbili na rezista chache za asilimia 1.

"Ya njano ndiyo Fluke"

Rangi inaigwa kirahisi. Mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia mita 2000 za duka la SparkFun kutoka China kwa sababu tu ya kufanana rangi na Fluke, na hizo hazikuwa hata na jina la Fluke. Angalia fyuzi, uzito, na mwandiko wa matundu.

"Unyevu wa ziwa unaua mita"

Nimefungua nyingi zilizokaa miaka Kirumba na Ukerewe. Maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya Dar es Salaam, na unyevu wenyewe huharibu kidogokidogo. Muuaji ni betri iliyosahauliwa ndani. Ukifungua mlango wa betri, angalia springi. Unga mweupe wa betri za alkalini bado una tiba: kijiti cha pamba kilicholowa siki au maji ya limao, unasikia kama unachemka kidogo, unafuta kwa maji safi kidogo kisha spiriti, unaacha ikauke mpaka kesho. Ukiona kijani kimetambaa kutoka springi hadi kwenye bodi, chukua taa ya simu ufuate njia za shaba moja moja. Zikiwa zimekatwa karibu na chipu, mimi hutoa bei ya nyaya zake na fyuzi zake za kauri, kama zimo.