Mbio nne ndani ya siku nane: msimu wa 2021 wa Asian Le Mans Series

Tarehe 13 na 14 Februari 2021 madereva wa Asian Le Mans Series, mashindano ya mbio ndefu za magari ya Asia, walikimbia Dubai Autodrome. Tarehe 19 na 20 wakakimbia Yas Marina, Abu Dhabi. Kila mbio ilichukua muda wa saa nne, na jioni ya tarehe 20 msimu ukawa umekwisha. Msimu uliotangulia, wa 2019/20, ulipita Shanghai, Tailem Bend kule Australia, Sepang na Buriram, na kati ya mbio moja na nyingine timu zilikuwa na wiki kadhaa za kusubiri vipuri na kulifungua gari lote. Korona ilipofunga safari, mashindano yote yakahamishiwa Ghuba na kubanwa ndani ya siku nane.

Nauchambua msimu huu kwa sababu msimu mfupi hivi hauachi mahali pa kujificha. Ubingwa wa kanda wa prototaipu, yaani magari yaliyobuniwa kwa mbio tu, hauendi lazima kwa gari lenye kasi kuliko yote. Unaenda kwa gari ambalo halikulala gereji.

Anzeni na pointi. Mshindi hupata 25, wa pili 18, wa tatu 15, halafu 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1, na anayeanza mbele ya wote huongezewa 1. Piga hesabu ya mbio nne. Timu iliyoshika nafasi ya pili mara zote ina pointi 72. Timu iliyoshinda mara tatu ikaharibikiwa mara moja ina 75. Ushindi mara tatu dhidi ya sifuri, na tofauti ni pointi 3 tu! Shinda mara mbili, maliza wa nne mara moja, haribikiwa mara moja: una 62, na aliyekuwa wa pili siku zote amekupita mbali. Katika msimu wa mbio sita au nane kuna nafasi ya kufidia siku mbaya. Katika mbio nne, siku mbaya ni robo ya mwaka.

Kwa waliozoea Safari Rally, tofauti kubwa ni msongamano. Kule kila gari linashindana na saa, peke yake njiani. Hapa madaraja matatu yako barabara moja kwa wakati mmoja. Msimu huo mbele kulikuwa na LMP2, prototaipu za kasi zaidi, kama Oreca 07 yenye injini ya Gibson GK428, V8 ya lita 4.2 isiyo na tabo. Nyuma yake LMP3, prototaipu za daraja la chini yake, kama Ligier JS P320 yenye V8 ya Nissan ya lita 5.6 na nguvu ya farasi 455. Kisha magari ya GT3, yanayotokana na magari ya barabarani, mazito zaidi, yanayochelewa kwenye kona lakini yakiwa imara yakigusana. Prototaipu ikigusana na GT3, prototaipu ndiyo inayoumia: mikono ya saspensheni yake ni myembamba, na ubao wa mbele uko sentimita chache tu kutoka ardhini. Dereva mzuri wa LMP2 huamua mita 200 kabla ya kona kama atapita au atasubiri, wala habadilishi mawazo katikati ya breki.

Sasa piti, mahali gari linapoingia kwa mafuta na tairi. Hapa ndipo ushindi wa saa nne unapopatikana au kupotea, na hesabu yake inashangaza hata watu wanaofuatilia mbio kwa miaka. Tuseme njia ya piti ina urefu wa mita 400 na mwendo umewekewa kikomo cha kilomita 60 kwa saa. Kuipita kunachukua sekunde 24. Gari likisimama sekunde 40 kwa mafuta na tairi, jumla ni sekunde 64. Wenzako barabarani wanakwenda wastani wa kilomita 180 kwa saa, yaani mita 50 kila sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo wamekwenda mita 3,200 na wewe umekwenda 400. Umepoteza mita 2,800, sawa na sekunde 56 za mwendo wa mbio.

Rudia hesabu hiyohiyo bendera ya njano, ishara ya hatari, ikiwa imetanda mzunguko mzima, kila gari likibanwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa sekunde 64 wenzako wanakwenda mita 1,422 tu. Umepoteza mita 1,022, na mbio zikianza tena pengo hilo ni kama sekunde 20. Kusimama kulekule, mafuta yaleyale, lakini umeokoa sekunde 36. Hakuna dereva duniani anayeweza kuokoa sekunde 36 kwa kukanyaga zaidi. Ndiyo maana msoma kanuni ni mtu muhimu kwenye timu: kila mashindano yana sharti lake kuhusu lini lango la piti liko wazi wakati wa njano na wakati wa gari la usalama linaloongoza wote polepole, na ukiingia wakati usioruhusiwa adhabu inakula faida yote.

Ili ufaidike na njano ni lazima uwe na nafasi tangini. Tukichukua mfano wa gari linaloenda dakika 40 kwa tangi moja, dakika 240 ni vipindi 6, yaani kusimama mara 5. Dereva akiachia pedeli mita 30 au 40 kabla ya kushika breki na kuliacha gari liteleze, akafikisha dakika 42, bado atasimama mara 5, lakini kipindi cha mwisho kitabaki dakika 30 tu. Mafuta ya mwisho yatapungua kwa zaidi ya robo, na bomba litachomolewa mapema. Hiyo ni faida ya sekunde kadhaa iliyopatikana bila kumpita mtu.

Kwenye kusimama kwenyewe utaratibu ni mafuta kwanza, tairi baadaye, injini ikiwa imezimwa bomba likiwa limeunganishwa. Dereva anabadilishwa wakati mafuta yanaingia. Kinachoharibika mara nyingi ni kidogo kidogo: nati ya gurudumu inashika nyuzi upande, mkanda wa begani unanaswa chini ya kiti, waya wa redio wa dereva mpya haukuingia hadi mwisho. Nati iliyoingia upande ndiyo mbaya kuliko zote. Fundi akiendelea kuipiga na bunduki ya kufungia nati ataharibu nyuzi za ekseli, na hapo si sekunde tena, ni dakika. Arudishe nyuma, aipachike kwa mkono, aanze upya. Sekunde 4 zitakazopotea ni bei rahisi sana.

Ghuba ina mambo yake. Februari hewa ni nzuri, si ule moto wa Agosti, lakini upepo hulaza mchanga barabarani usiku. Kipindi cha kwanza cha mazoezi barabara inateleza, na gari linaonekana halishiki mbele wala nyuma. Timu isiyo na subira hubadilisha springi na pembe ya bawa asubuhi, halafu mchana barabara ikishika mpira wa tairi inajikuta imeliharibu gari lililokuwa sawa. Ningesubiri. Kisha jua likishuka lami inapoa haraka, na hewa ndani ya tairi inasinyaa: kila nyuzi 10 za Selsiasi hubadilisha karibu baa 0.08. Tairi zilizojazwa kwa hesabu ya saa tisa alasiri zitakuwa laini mno saa moja usiku. Yas Marina inaongeza la kwake, njia ya kutokea piti inayopita kwenye handaki chini ya barabara na kupinda. Ukiwa na tairi baridi, ukuta uko karibu sana. (Ule ulikuwa bado mchoro wa zamani wa kilomita 5.554, kona 21. Baadaye mwaka huohuo waliubadilisha.)

Usiku mmoja kati ya tarehe 13 na 14 ndio uliohitaji nidhamu kubwa kuliko yote. Kazi inaanza kwenye data, kabla ya spana: joto la maji, presha ya oili, joto la giaboksi, dakika kwa dakika. Kisha fungua kizibo chenye sumaku cha giaboksi. Uji wa kijivu laini ni kawaida. Ukiona vipande vyenye ncha, usijidanganye, fungua giaboksi usiku huohuo. Diski za kaboni za LMP2 pima unene kwa maikromita sehemu nne za kila diski, kwa sababu haziliki sawasawa, hasa kama mpira na mchanga vimeziba njia ya hewa ya kupoozea. Zungusha kila gurudumu kwa mkono usikilize bearingi. Gari likigusana na jingine, hata kwa mguso usioonekana, pima upya uelekeo wa magurudumu, maana milimita 1 inatosha kumfanya dereva alalamike saa nne nzima.

Na mwisho waya. Zifuate kwa vidole, si kwa macho, kila mahali zinapopita juu ya ukingo wa kaboni. Kaboni iliyokatwa ni kali kama wembe na inapitisha umeme. Waya ukisuguliwa hapo ganda linaisha, na shoti inakuja wakati ambao hukuuchagua.

Mwisho wa siku nane, ubingwa wa LMP2 ulichukuliwa na timu ya G-Drive Racing, na madereva René Binder, Ferdinand Habsburg na Ye Yifei, wakiendesha Aurus 01, ambayo ni Oreca 07 yenye jina jingine. Waliokuwa wakiwafukuza ni timu ya JOTA, na madereva Sean Gelael, Stoffel Vandoorne na Tom Blomqvist. LMP3 ilikwenda timu ya United Autosports kwa Wayne Boyd, Manuel Maldonado na Rory Penttinen. Kwenye gari la pili la G-Drive alikuwemo Rui Andrade wa Angola, ambaye mwaka 2023 alichukua taji la LMP2 katika mashindano ya dunia ya mbio ndefu (WEC) pamoja na Robert Kubica na Louis Delétraz. Waafrika tunaofuata mchezo huu tulistahili kusikia jina lake zaidi ya tulivyolisikia.

Bingwa hupata mwaliko wa mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Agosti 2021 majina yaleyale ya Ghuba yalikutana huko, baadhi yakiwa chini ya timu nyingine. Ye alikuwa kwenye gari namba 41 la timu ya WRT na Habsburg kwenye namba 31 la timu hiyohiyo, wakati watatu wa JOTA walikuwa pamoja bado. Namba 41 iliongoza LMP2 hadi mzunguko wa mwisho kabisa, Ye akiwa kwenye usukani, ikazimika barabarani. Namba 31 ikapita na kushinda, JOTA nyuma yake kwa chini ya sekunde moja. Ilikuwa shoti kwenye waya wa sensa ya throtoli, ile inayoiambia kompyuta injini ipumue kiasi gani.