Tagi marafiki watatu, ukumbi ubaki mtupu

Nimepigiwa simu tena. Kikundi cha maigizo cha hapa Dar, onyesho Jumamosi ijayo, tiketi hazitembei, na kiongozi wao ameshakata shauri: "Dada, tuwekee tu shindano. Laiki, foloa, tagi marafiki watatu, ushinde tiketi. Watu watajaa."

Watajaa wapi, kaka? Kwenye komenti watajaa kweli. Ukumbini ni habari nyingine.

Hebu fungua akaunti ya mtu aliyeshinda shindano la aina hiyo. Picha yake hata moja huikuti. Kuna shindano la unga, la bando, la wigi, la chakula cha jioni cha watu wawili, na sasa lako. Hawa ndugu zetu wameifanya kazi, wana makundi ya WhatsApp wanakopashana mashindano mapya, na wale "marafiki watatu" ni wao kwa wao. Siwalaumu, hata mimi bando la bure nalitaka. Ila mchezo wako umetangazwa kwa watu walewale wanaozungushana. Niliwahi kumpigia mshindi mmoja kumpa hongera. Yuko Mbeya, akaniuliza kama naweza kumtumia thamani ya tiketi kwa simu.

Halafu hiyo tagi yenyewe. Facebook wanakataza kumtaka mtu ashee kwenye ukurasa wake binafsi, au atagi marafiki, kama sharti la kushiriki. Laiki na komenti kwenye posti ya ukurasa wako ni ruksa. Kumpa mtu zawadi ili alaiki ukurasa, walishalipiga marufuku tangu Novemba 2014. Instagram nao hawataki watu watagiwe kwenye picha ambamo hawamo, na wanakutaka useme wazi kwamba shindano si lao wala hawalidhamini. Mstari mmoja tu, lakini nani anauandika? Nakiri sijawahi kufungiwa ukurasa kwa sababu hiyo, na najua wanaovunja masharti haya kila wiki wakalala usingizi. Mimi naogopa kuupoteza ukurasa siku tatu kabla ya onyesho, basi.

Lakini kinachonikera hasa ni muda. Ukitangaza tiketi ya bure Jumatatu, yule aliyekuwa ameshatoa simu alipie anairudisha mfukoni. Kwa nini alipe elfu kumi na tano leo kwa kitu ambacho huenda kesho atapewa? Anasubiri droo. Ijumaa jioni unataja washindi wawili, na wale wengine wote wamenuna kidogo, na Jumamosi yao wameshaipangia harusi au mpira. Umewachukua wanunuzi wako kwa mikono yako mwenyewe ukawageuza wasubiri. Hapo unanipigia simu kwamba watu wa Dar hawapendi sanaa!

Shindano, kama ni lazima, liishe kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Au zawadi isiwe tiketi: mwalike mshindi aje mazoezini, akae nyuma ya jukwaa, aone mwigizaji mkuu anavyosahau maneno. Wapo wanaopenda kumpandisha aliyekwisha kununua hadi kiti cha mbele kwa droo. Wazo tamu, ila sasa mtu amelipa, kuna zawadi, na kuna bahati. Vitu hivyo vitatu vikikaa pamoja, nenda kaulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hujaposti. Na namba za simu ulizokusanya za washindi si za kuwatumia matangazo mwaka mzima bila ridhaa yao, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukiamua kutoa tiketi, toa mbili. Nani anakwenda taarabu peke yake?

Swali la shindano nalo liwe gumu kidogo. Kwa mchezo mmoja uliohusu ugomvi wa urithi, niliposti mstari mmoja tu:

Mlango ukishafungwa, ufunguo una nani?

Nikaomba mitatu ya kukamilisha ubeti, mizani kumi na sita, vina visipotee: -ngwa katikati, -ni mwishoni. Kiongozi wa kikundi alinitazama kama nimemwibia. Komenti zikawa chache, za kuhesabu kwa vidole vya watu wawili watatu. Lakini watu waliandika kweli! Mmoja akavunja kina, mwingine akamsahihisha, akajibiwa kwa ubeti, wakalumbana hadi usiku wa manane, na kila jibu likawa linautaja mchezo wetu bila mimi kulipia tangazo. Kadhaa walikuja, na kwenye mapumziko walikuwa bado wanabishana kuhusu kina cha kati.

Sasa shaka yangu, ambayo kwenye semina huwa siisemi. Mtu anayejua kuhesabu mizani labda angenunua tiketi hata nisingeposti kitu. Yaani huenda niliwapa bure watu ambao wangelipa. Sijapata njia ya kulipima hilo, na anayeniambia ameipata huwa ana kitu anachoniuzia.

Jambo la mwisho, matapeli. Dakika kumi baada ya kutangaza washindi, akaunti yenye nembo yako na herufi moja ya ziada itawaingilia watu inboksi: "Hongera, tuma elfu tano ya usajili kwa namba hii." Andika kwenye posti yenyewe, tangu siku ya kwanza, kwamba hamtamwomba mshindi hata senti, na mtaje akaunti mtakayomwandikia.

Majina ya washindi yachapwe, apewe mtu wa mlangoni. Niliwahi kuyaacha kwenye simu yangu. Mshindi akafika na mkewe, wamependeza, mlinzi hana habari nao, na mimi niko nyuma ya jukwaa natafuta chaja.